Betri Juani

Historia ya kusoma katika milima ya Uluguru haianzii kwenye kitabu. Inaanzia kwenye kopo. Fundi bati alichukua kopo la maziwa, akaliziba juu, akatoboa tundu, akapitisha utambi wa pamba, akajaza mafuta ya taa, na hapo ukapata koroboi. Wengine huiita kibatari. Kitabu chenyewe kilikuwa chepesi, ungeweza kukibeba kutoka Morogoro mjini hadi Nyandira bila kukisikia mfukoni. Uzito ulikuwa kwenye mwanga wa kukisomea. Aliyesomea koroboi anaijua asubuhi yake: tundu za pua nyeusi, macho mekundu, na ukurasa wenye alama ya kuungua pale ulipousogeza karibu mno.

Nalisema hili mapema kwa sababu sisi tuliokua na simu mkononi tunapenda kudhani kwamba maudhi ya vifaa yalizaliwa na sisi. Chaji imeisha, skrini imepasuka, bando limekata katikati ya sura. Ukiwauliza wazee wa Mgeta, watakwambia habari hizohizo kwa majina mengine. Utambi umeisha, betri zimelala, duka halina mafuta. Nimekaa na swali hili kwa miaka kadhaa sasa: kwa nini kila chombo kilichopanda milima hii kikiahidi kumsomesha mtu kilifika kikiwa na pungufu moja, na pungufu hilo karibu kila mara halikuwa ndani ya chombo chenyewe?

Kuna kejeli moja ya kijiografia ambayo siwezi kuipita. Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam, chimbuko lake ni Uluguru. Na umeme? Bwawa la Kidatu, katika mkoa huuhuu wa Morogoro, lilianza kuzalisha mwaka 1975, na lilipokamilika likawa na uwezo wa megawati 204. Kihansi, mpakani na Iringa, ikaja na megawati 180 mwaka 2000. Kwa miongo mingi nyaya zilipita kuelekea mjini, zikaacha vijiji vya mlimani vikinunua mafuta ya taa kwa kipimo cha chupa ya soda. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007. Kati ya Kidatu na wakala huo ni miaka 32, yaani muda wa kutosha mtoto kuanza darasa la kwanza, kumaliza, kuoa, na kumwona mwanawe naye akisomea koroboi ileile.

Kabla ya umeme ilikuja redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, lakini redio za wakati huo zilikuwa mali ya watu wachache. Huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, afisa mmoja wa habari aitwaye Harry Franklin alikuwa ameshawashawishi watengenezaji wa betri wa Uingereza watoe redio ya bei nafuu kwa ajili ya Waafrika. Ilitoka mwaka 1949, ikauzwa kwa pauni 5. Kwa kuwa majaribio ya kwanza yalitumia bodi la sufuria, watu wakaiita redio ya sufuria. Lakini ilihitaji betri kubwa, nzito, ya gharama. Kilichobadilisha mambo ni transista. Ilivumbuliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell huko Marekani, na kuanzia mwaka 1954 ikaanza kuuzwa ndani ya redio ndogo za kubeba mkononi. Kufikia miaka ya 1960 kiwanda cha Wajapani wa Matsushita kilikuwa Dar es Salaam kikitengeneza betri za National, na jina National likawa karibu jina jingine la betri.

Babu yangu mzaa mama, mkulima wa kabichi na njegere huko Mgeta, alikuwa na redio moja. Ilivikwa kitambaa cha kufuma na ilikaa juu ya kabati, mahali ambapo mtoto hafiki. Tarehe ya kununua betri aliiandika ukutani kwa chaki. Taarifa ya habari iliruhusiwa. Salamu za wasikilizaji ziliruhusiwa kidogo. Muziki, hata wa Mbaraka Mwinshehe aliyekuwa mtoto wa Morogoro, ulitegemea hali ya hewa ya nyumbani siku hiyo. Sauti ilipoanza kukwaruza, betri zilitolewa zikaanikwa juu ya bati. Zikilegea tena, mtu alizing'ata kidogo ubavuni, au akazigonga kwa jiwe kwa heshima, kisha akazirudisha.

Nilipokuwa sekondari mwalimu wa kemia alitucheka tulipomweleza habari hii. Hakuwa na haki ya kucheka. Betri zile za kaboni na zinki hudhoofika kabla kemikali yake haijaisha yote. Joto la jua huharakisha mmenyuko uliozubaa, na kuibonyeza huweza kuzigusanisha tena sehemu zilizoanza kuachana. Faida yake ni ndogo na ya muda mfupi, ila ni ya kweli. Labda dakika 20 za ziada. Kwa mtu anayesubiri taarifa ya saa mbili usiku, dakika 20 ni nyingi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii yote. Redio ile, ambayo wengi wetu tunaihesabu kuwa chombo cha kusikiliza, kwa miaka michache ilikuwa chombo cha kusomea.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 60 ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. TANU ikaazimia kufuta ujinga huo kufikia mwisho wa mwaka 1975. Madarasa yakafunguliwa chini ya miembe, kwenye maghala, na katika shule za msingi baada ya watoto kuondoka jioni. Kisha, mwaka 1973, ikaja kampeni ya Mtu ni Afya.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi, na bado sijaona programu ya simu iliyoupita kwa ubunifu. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi, redio na kijitabu. Kwa wiki 12 watu walikusanyika kusikiliza kipindi kuhusu malaria, kuhara, minyoo, kichocho au kifua kikuu. Redio ikizimwa, mmoja aliyejua kusoma alisoma sehemu ya kijitabu kwa sauti. Wengine walifuata kwa kidole katika nakala zao, wakabishana, kisha wakaamua: wiki hii tunachimba vyoo, wiki hii tunafyeka nyasi. Viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa kama 75,000, na washiriki wapatao milioni 2. Kwa nchi iliyokuwa na watu wasiofika milioni 15, hiyo ni hesabu ya kukaa chini na kuitafakari.

Tazama kilichofanyika hapo. Redio haikuwekwa mahali pa kitabu; ilikiita. Sauti ilitoka Dar es Salaam ikasema fungueni ukurasa fulani, na mlimani kurasa zikafunguliwa. Mtu ambaye peke yake angeshindwa na aya ya tatu alibebwa na kikundi hadi mwisho. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Hakuwahi kukaa darasani utotoni, na kijitabu kile ndicho kitabu cha kwanza alichokimaliza. Alikitunza pamoja na kadi za kliniki za watoto. Hata uzeeni aliweza kukueleza maisha ya mbu hatua kwa hatua, kwa lugha ya serikali ya mwaka 1973, bila kukosea neno.

Majaribio ya kitaifa yaliyofanywa baadaye yalionyesha ujinga ukishuka kila mara, hadi mwaka 1986 ikatangazwa kwamba watu wazima takriban 9 kati ya 10 wanajua kusoma na kuandika. Dunia ilitupongeza. Halafu sensa ya mwaka 2002 ikaonyesha takriban asilimia 69. Vipimo viwili hivi si vya aina moja, kwa hiyo si haki kuviweka kwenye mizani moja na kusema watu wote hao walisahau. Lakini ukikaa na wazee, utawakuta waliosahau. Walijifunza herufi, wakapewa cheti, kisha hawakupewa cha kusoma. Miaka ya 1980 karatasi ilikuwa haba na fedha za kigeni haba zaidi. Magazeti ya vijijini na maktaba za vijijini vilivyoanzishwa ili kumshika mkono msomaji mpya vikalegea kimoja kimoja. Betri pia ziliadimika. Bibi alinusurika kwa sababu alikuwa msomaji mkaidi: akikosa kitabu, alisoma karatasi iliyofungiwa sukari.

Wakati huohuo serikali ilikuwa na mashaka yake kuhusu mashine. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, ikasababisha hasara na karaha katika hesabu za serikali, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Televisheni nazo zilikataliwa Bara, huku Zanzibar wakitazama za rangi. Vijana wa siku hizi tunaicheka marufuku ile, nami nimeicheka mara nyingi. Nikiitazama pamoja na Mtu ni Afya, hata hivyo, naona mantiki yake: nchi maskini ilichagua redio na kijitabu, ikaacha mashine ya mamilioni. Walichoshindwa ni kuendelea kununua karatasi.

Kuna siku moja ya miaka hiyo ambayo kwetu bado inasimuliwa kwa uchungu wa aina yake. Tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki katika ajali ya gari karibu na Dakawa, mkoani mwetu. Mwalimu Nyerere mwenyewe alilitangazia taifa kupitia redio. Nyumbani kwa babu betri zilikuwa zimekufa wiki mbili nyuma na dukani hazikuwepo. Mtu kafia mkoani kwetu, na habari inapita juu ya paa letu hewani, nasi hatuna pa kuidakia. Waliipata asubuhi, kwa mchuuzi wa ndizi aliyetoka kijiji cha pili. Babu hakuwahi kuisamehe redio ile. Akaanza kununua betri za akiba na kuzificha ndani ya debe la maharage.

Simu za mkononi nitazipita haraka, maana historia yake kila mtu anaibeba mfukoni. Kampuni ya kwanza ilianza mwaka 1994, na kwa miaka kadhaa simu ilikuwa ya mtu mwenye tumbo na gari. Kilichoipandisha milimani ni Nokia ndogo yenye tochi, iliyoingia sokoni mwaka 2003. Tochi hiyo nusura iiue koroboi. Nawajua watu waliosoma mtihani wa kidato cha nne kwa mwanga wa simu iliyobanwa kwenye kofia, na si kwa ujumbe wowote uliokuwa ndani ya simu hiyo. Kisha zikaja simu za laini mbili, simu za kupangusa, na simu zenye majina yanayokaribia kufanana na majina makubwa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu zote zilizohesabika kuwa feki, na kesho yake ukipita Msamvu ungedhani kuna msiba. Watu walizishika simu zao zilizo kimya, wakizigeuzageuza. Baadhi walizitoa betri wakazifuta kwa shati na kuzirudisha. Mkono hukumbuka kazi ya zamani.

Kisomaji cha kielektroniki nilikinunua Dar es Salaam, mtumba, kwa bei ambayo sitaiandika kwa sababu mama anasoma ninayoyaandika. Nilikuwa nimekitamani kwa muda mrefu. Kindle ya kwanza ilitoka Marekani tarehe 19 Novemba 2007 kwa dola 399, ikaisha dukani kwa saa chache, na kwa mara ya kwanza nilisikia kwamba kuna skrini isiyowaka. Wino wake ni wa kweli kwa namna fulani: vijipira vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi, umeme ukipita chembe hupanda au kushuka, kisha hubaki palepale bila kula umeme tena. Chaji hutumika unapofungua ukurasa, basi. Kwa hiyo betri hukaa wiki kadhaa, na jua likikiangaza kinasomeka vizuri zaidi. Nilipoelewa hilo nilisema peke yangu: hiki ni kifaa cha Mgeta. Kimetengenezwa na watu wasiojua Mgeta iko wapi, lakini ni cha Mgeta.

Nilikipenda, na bado nakipenda. Nimekisoma nikiwa nimebanwa kwenye Noah inayopanda kuelekea Langali, goti la mtu ubavuni na gunia la karoti mapajani. Kimedondoka mara mbili kwenye tope, kikapanguswa, kikaendelea. Nilipanda nacho hadi Morningside, ile nyumba ya Wajerumani juu ya mji, nikasoma mpaka ukungu ukashuka na kuniondolea herufi.

Maudhi yake yalikuwa madogo mwanzoni. Bonyeza neno, kamusi ikufafanulie; nilibonyeza neno mlima na kifaa kikanijibu kwamba hakijapata maana yoyote. Nikiwa nimezungukwa na Uluguru! Kilikuwa na sauti ya kusoma maandishi, nikakiwashia hadithi ya Kiswahili, kikaisoma kwa pua ya Kimarekani hadi wajomba zangu wakaniomba nirudie mara tatu, wakicheka machozi. Vitini vya chuo vilivyopigwa picha na kugeuzwa faili viliingia kwenye skrini ya inchi sita vikiwa na herufi za ukubwa wa chawa.

Maudhi makubwa yalikuja nilipotaka kukijaza. Vitabu vya Kiingereza vilikuwepo maelfu kwa maelfu, vya bure na vya kulipia. Nilivyovitaka mimi ni vile ambavyo kizazi cha wazazi wangu kilivitia mfukoni: Rosa Mistika ya Kezilahabi ya mwaka 1971, iliyokatazwa shuleni na hivyo kusomwa na kila mwanafunzi, Kikosi cha Kisasi cha Elvis Musiba, Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Vitabu vyembamba, vya jalada laini, vinavyokunjika na kuingia mfuko wa nyuma wa suruali. Hivyo ndivyo vilikuwa visomaji vya kubebeka vya Tanzania, na dukani mwa kifaa changu sikuviona. Niliviona mjini Morogoro, chini, kwenye turubai la muuza vitabu chakavu, kimoja kikiwa hakina kurasa nne za mwisho. Nilikinunua hivyohivyo.

Wenzangu wapenda karatasi hupenda kunikumbusha kisa cha Julai 2009, pale Amazon ilipoingia kwenye vifaa vya wateja na kufuta nakala za vitabu viwili vya George Orwell kwa sababu ya mgogoro wa haki za uchapishaji. Kimoja kilikuwa kile ambacho Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa jina la Shamba la Wanyama mwaka 1967. Nakala ya karatasi, wanasema, haifutwi kutoka mbali. Kweli. Lakini wao hawajawahi kuweka vitabu kwenye dari ya nyumba ya mlimani. Panya hawahitaji intaneti.

Kwamba tatizo si kifaa, jaribio la Tanga lilionyesha vizuri. Mashindano ya Global Learning XPRIZE yaligawa vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa huo kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, pamoja na vituo vya kuchajia kwa jua. Wengi wao hawakuwahi kwenda shule. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma ilipungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10. Siri ambayo habari nyingi za kigeni ziliipita haraka ni kwamba kila kilichokuwa ndani ya vishikwambi vile kiliandikwa kwa Kiswahili, kwa ajili ya watoto hao. Nilipoisoma habari ile nilifurahi, kisha nikajiuliza kama bibi angejiuliza: wakishajua kusoma, watapewa nini mwezi wa 16?

Bibi mwenyewe nilimpa kisomaji changu mwaka mmoja kabla hajafariki. Nilikuwa nimemwandikia humo hadithi za ukoo alizonisimulia, nikakuza herufi hadi maneno matano yakajaza mstari. Alikishika kwa mikono miwili kama anapokea sahani ya moto. Akasoma kurasa tatu bila miwani. Akauliza kinakula betri ngapi. Nikamwambia kinachajiwa, na chaji ikijaa kinakaa karibu mwezi. Alikigeuza, akatafuta kifuniko cha betri mgongoni, hakukiona, akanitazama kwa mashaka. Kisha akauliza vingine viko wapi, maana hizi za kwake anazijua.

Mwezi uliopita nilikuwa Nyandira, kwenye kibanda kinachochaji simu kwa paneli ya jua. Binti mmoja alikuwa anawasomea wenzake waliokuwa wakichambua njegere hadithi aliyotumiwa kwenye WhatsApp, moja ya zile zinazotoka vipande vipande kila jioni. Alisoma vizuri, akabadilisha sauti kwa kila mhusika. Mume alikuwa ameshafika mlangoni, ufunguo mkononi, na ndani kuna mtu. Hapo ikaandikwa: itaendelea.

Kelele zilizopigwa pale ni za kumtukana mwandishi.

"Anaweka saa ngapi kesho?" mama mmoja akauliza.

"Saa mbili usiku, shangazi, akipenda. Juzi hakuweka."

"Basi hiyo simu usiipige muziki."